Aina mpya ya kirusi inapotangazwa, kwa nini wananchi wengi hawaiamini tena serikali?

Mleta mada:

Ndugu wadau,

Kila mara wataalamu wanapotangaza kwamba kirusi kimebadilika na aina mpya imeanza kusambaa, mazungumzo ya wananchi huhama haraka kutoka kwenye ugonjwa na kwenda kwa serikali. Kabla hata ya kuuliza kama kirusi hicho kinaambukiza kwa kasi zaidi au kinalaza watu wengi zaidi hospitalini, watu huuliza serikali inataka nini safari hii, nani atanufaika, na masharti hayo yataisha lini. Wapo wanaosema hali hiyo ni ujinga wa umma au ni matunda ya uzushi wa mitandaoni. Mimi sikubaliani nao. Naamini sehemu kubwa ya kutoaminiana huku imejengwa na serikali zenyewe, kwa desturi yao ya kutangaza uamuzi kwa sauti ya uhakika wasiokuwa nao, kisha kuubadilisha pasipo kueleza ni taarifa gani mpya imewafanya wabadilike. Kibaya zaidi, ni mara chache sana wanasema mapema ni jambo gani likitokea uamuzi huo utafutwa.

Tuanze na Omicron, kwa sababu mambo yake yaliandikwa siku kwa siku na yeyote anaweza kuyafuatilia. Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini ililijulisha Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu aina mpya ya kirusi cha korona yenye mabadiliko mengi yasiyo ya kawaida. Wanasayansi wa huko na wenzao wa Botswana waliigundua mapema kwa kuwa maabara zao zilikuwa zikisoma vinasaba vya kirusi hicho mara kwa mara, kazi ambayo nchi nyingi hazikuwa zikiifanya kwa bidii hiyo. Siku iliyofuata Uingereza ilitangaza kuzuia safari kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika. Tarehe 26 WHO ikaipa aina hiyo jina la Omicron, na kuanzia tarehe 29 Marekani nayo ikawazuia wasafiri kutoka nchi nane za ukanda huo. Kisha, tarehe 30 Novemba, taasisi ya afya ya umma ya Uholanzi ikatoa taarifa kwamba Omicron ilikuwamo katika sampuli zilizochukuliwa nchini humo tarehe 19 na 23 Novemba. Maana yake ni kwamba kirusi kilikuwa kimeshaingia Ulaya kabla dunia haijatangaziwa kuwa kipo.

Mwananchi wa kawaida aliyeyasikia hayo alitarajia mojawapo ya mambo mawili: ama Uholanzi nayo iwekewe zuio kama lile, au zuio la nchi za Afrika liondolewe kwa kuwa sababu yake ilikuwa imepungua nguvu. Hakuna lililofanyika kwa wakati. Uingereza iliongeza nchi nyingine kwenye orodha yake hadi zikafika 11, zote za Afrika, na ilipoziondoa zote tarehe 15 Desemba ilieleza kwamba Omicron ilikuwa imeshasambaa ndani ya nchi yenyewe na duniani kiasi kwamba orodha hiyo haikuwa na manufaa tena. Marekani iliondoa zuio lake tarehe 31 Desemba. Sisemi kwamba kuzuia safari ni upuuzi nyakati zote; kunaweza kuchelewesha kirusi kwa siku kadhaa, na siku hizo ni mali ikiwa hospitali zinajiandaa na chanjo zinasogezwa kwa wazee. Lakini anayechelewesha kitu ana wajibu wa kueleza anachelewesha ili afanye nini. Maelezo hayo yalipokosekana, watu walibaki na tafsiri moja tu, kwamba nchi iliyosema ukweli mapema imeadhibiwa kwa kuusema. Nchi yoyote itakayogundua aina nyingine kesho itaikumbuka adhabu hiyo kabla ya kuinua simu.

Jambo la pili ni mwenendo wa watawala wenyewe. Tarehe 18 Desemba 2020, wakati wakazi wa London walikuwa wamekatazwa kuchanganyika ndani ya nyumba na watu wasioishi nao, wafanyakazi wa ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza walifanya tafrija ofisini. Kesho yake, tarehe 19, waziri mkuu Boris Johnson alijitokeza hadharani kutangaza kwamba aina mpya, ambayo baadaye iliitwa Alpha, inasambaa kwa kasi kubwa zaidi, na kwa hiyo mamilioni ya watu wa London na kusini mashariki mwa Uingereza hawangeweza kusherehekea Krismasi na ndugu zao. Kwa upande wa sayansi uamuzi huo ulikuwa na msingi, kwani Alpha kweli iliambukiza zaidi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Desemba 2021, ilirushwa video ya maofisa wakicheka kuhusu tafrija hiyo. Siku iliyofuata serikali ileile ilitangaza masharti mapya dhidi ya Omicron. Hata wabunge wa chama tawala wapatao 100 waliyapinga baadhi ya masharti hayo bungeni, na watu wengi waliamini kwamba tangazo limeharakishwa ili kufunika kashfa. Sina njia ya kuingia moyoni mwa aliyetangaza, ila najua kwamba hata kama kila neno lake siku hiyo lilikuwa kweli, alikuwa amepoteza haki ya kusadikiwa. Hatimaye polisi walitoa faini 126 kwa ukiukwaji wa masharti katika ofisi za serikali, na mmoja wa waliotozwa alikuwa yeye mwenyewe.

Mfano ninaoufikiria zaidi, hata hivyo, ni wa Denmark, kwa kuwa ile ni nchi ambayo wananchi wake wanajulikana kwa kuiamini serikali yao kuliko walio wengi duniani. Novemba 2020 iligundulika kwamba kirusi cha korona kimeingia kwenye mashamba ya minki, wanyama wadogo wanaofugwa kwa ajili ya manyoya, na kwamba kimebadilika humo na kurudi kwa binadamu. Hofu ilikuwa kwamba aina hiyo ingepunguza nguvu ya chanjo zilizokuwa zikisubiriwa. Tarehe 4 Novemba waziri mkuu Mette Frederiksen alitangaza kwamba minki wote wa nchi nzima wauawe, wakiwamo wale wenye afya. Zaidi ya milioni 15 waliangamizwa. Ndani ya siku chache serikali ikakiri kwamba haikuwa na mamlaka ya kisheria ya kuwaamuru wafugaji waue wanyama wasioambukizwa walio nje ya maeneo ya ugonjwa. Waziri wa chakula na kilimo alijiuzulu tarehe 18 Novemba, na kesho yake wizara ya afya ikasema aina ile iliyoogopwa huenda imeshatoweka. Baadaye mizoga iliyofukiwa kwa haraka kwenye mahandaki yenye kina kifupi ilianza kufura kwa gesi na kujitokeza juu ya udongo, ikabidi ifukuliwe na kuchomwa.

Fikirieni mfugaji aliyekuwa na mashamba yenye wanyama wazima, aliyetii kwa sababu ameambiwa na serikali yake kwamba ni lazima, kisha akasikia kwenye taarifa ya habari kwamba sheria haikuwapo. Huyo hakuhitaji mzushi wa mtandaoni wa kumfundisha shaka. Kilichoiokoa Denmark, kwa maoni yangu, ni kwamba jambo hilo halikufukiwa pamoja na mizoga. Bunge liliunda tume ya uchunguzi, na Juni 2022 tume hiyo ilisema wazi kwamba kauli za waziri mkuu zilikuwa za kupotosha kwa kiwango kikubwa, ingawa haikuona kwamba alifanya hivyo kwa makusudi. Uchaguzi ulifanyika Novemba mwaka huohuo, wananchi wakatoa hukumu yao kwenye sanduku la kura, naye akarudi madarakani. Kukosea kulikuwapo, tena kukubwa, lakini kulihesabiwa hadharani.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa uzi uliofanyiwa kazi, lakini naona umezibebesha serikali mzigo usio wao wote. Aina mpya inapotokea, siku za mwanzo hakuna anayejua chochote kwa hakika. Kiongozi akisubiri ushahidi kamili, ataambiwa amezembea na watu wamekufa; akichukua hatua mapema, ataambiwa amekurupuka. Na akisimama mbele ya taifa kusema "hatujui", watu wataingiwa na hofu au watampuuza kabisa. Sayansi hubadilika, na maelekezo lazima yabadilike nayo. Je, unataka viongozi wakae kimya hadi utafiti ukamilike?

Mleta mada:

Mkuu, hoja yako ni nzito na ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi. Sitaki wakae kimya, na sina ugomvi na maelekezo yanayobadilika. Ninachokataa ni kubadilika kusikoambatana na maelezo. Tazama Marekani: tarehe 13 Mei 2021 taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilisema waliokamilisha chanjo wanaweza kuvua barakoa karibu kila mahali. Tarehe 27 Julai ikawarudisha kwenye barakoa ndani ya majengo katika maeneo yenye maambukizi mengi, baada ya kubainika kwamba waliochanjwa nao wanaweza kuambukizwa aina ya kirusi iliyoitwa Delta na kuieneza. Badiliko hilo lilikuwa na sababu ya kisayansi inayoeleweka. Tatizo ni kwamba tangazo la Mei lilitaja kwa jumla tu kwamba ushauri unaweza kubadilika, halikusema wazi "hivi ndivyo tunavyoona kwa aina zilizopo sasa, na Delta ikienea tutaangalia upya". Sentensi hiyo moja ingewafanya watu waone Julai kwamba walishaelezwa.

Desemba 2021 mambo yaliharibika zaidi. CDC ilipunguza muda wa kujitenga kwa aliyeambukizwa asiye na dalili kutoka siku 10 hadi 5. Siku chache kabla, shirika moja kubwa la ndege lilikuwa limeandika barua kuomba muda upunguzwe kwa sababu ya upungufu wa wafanyakazi. Kisha mkurugenzi wa CDC mwenyewe akaeleza kwenye televisheni kwamba uamuzi huo ulizingatia kwa kiasi kikubwa kile walichodhani watu wangeweza kukivumilia. Binafsi naona ni halali kabisa kuzingatia uchumi na uvumilivu wa watu. Serikali inayopima afya peke yake haiwezi kuendesha nchi. Lakini kama hivyo ndivyo ilivyopimwa, hivyo ndivyo ingetangazwa tangu sentensi ya kwanza.

Kuhusu hofu ya kusema "hatujui", upo utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliowahusisha raia wa Marekani na Denmark. Uliwaonyesha watu maelezo ya aina mbalimbali kuhusu chanjo: mengine yakitaja kasoro zake wazi, mengine yakiwa ya juujuu yenye kuliwaza. Maelezo ya wazi yenye habari mbaya yalipunguza utayari wa watu kuchanjwa, na hilo hatuna budi kulikubali. Ila yaliongeza imani kwa mamlaka za afya na kuzuia nadharia za njama kushika mizizi, ilhali yale ya kuliwaza hayakuongeza utayari na yalipunguza imani. Kwa hiyo uwazi una gharama, na inalipwa mwanzoni. Kiongozi anayetazama wiki hii tu ataikwepa. Kirusi, kwa upande wake, kitabadilika tena mwakani.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni muuguzi, na ningependa kueleza jinsi maamuzi haya yanavyofika kwetu chini. Wakati wa Omicron, ukutani kwenye chumba cha kupimia tulikuwa na bango lililochapishwa vizuri linaloeleza muda wa kujitenga. Muda ulipobadilishwa tuliletewa waraka wa ukurasa mmoja, lakini bango jipya halikuja. Mwenzangu akachukua kalamu ya wino mzito, akakata namba ya zamani na kuandika mpya pembeni. Baada ya wiki kadhaa masharti yakaongezwa, akakata tena. Kila mgonjwa aliyeketi kwenye benchi alikuwa akilitazama bango lile lenye namba mbili zilizokatwa wakati anasubiri majibu yake.

Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Binti yangu, hii ya tatu mtaikata lini?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu waraka ulisema siku ngapi lakini haukusema kwa nini. Hakuwa mbishi, wala hakuwa amesoma uzushi wowote. Alikuwa amechanjwa dozi zote. Wakubwa wakitaka kujua imani inavyopotea, waje wakae kwenye benchi lile asubuhi moja. Sisi tunaoonana na watu uso kwa uso ndio tunaoaminika zaidi, na sisi ndio tunaopewa maelezo ya mwisho kabisa, wakati mwingine baada ya mgonjwa kuwa ameshayasikia redioni.

Mleta mada:

Dada muuguzi, umenifundisha jambo ambalo sikulitaja. Nilikuwa nafikiria imani kama jambo la waziri na kamera, kumbe nusu yake inategemea kama aliye dirishani amepewa sababu ya kumweleza mtu. Waraka unaotaja namba peke yake unamgeuza mhudumu wa afya kuwa mtekelezaji wa amri asiyoielewa, na mgonjwa huliona hilo mara moja.

Mchangiaji wa tatu:

Nakubaliana na mengi, lakini naona mnawahurumia mno wanaoshuku. Wapo watu wanaoishi kwa kuuza shaka. Kabla hata aina mpya haijapewa jina, tayari kuna video zinazosema imetengenezwa maabara ili watu wachanjwe tena, au kwamba chanjo inabadilisha vinasaba vya mtu. Waliozisambaza hawakuumizwa na tafrija ya London wala na minki wa Denmark. Serikali ikiwa wazi kama malaika, watu hao watasema uwazi wenyewe ni mbinu. Tusiwape heshima ya kuwaita wananchi waliovunjwa moyo.

Mleta mada:

Ni kweli, kaka, na sitaki niwachanganye hao wawili. Anayetunga uongo kwa faida yake ana kesi ya kujibu, na chanjo za korona hazibadilishi vinasaba vya mtu; hilo halina mjadala. Ninayemzungumzia mimi ni yule anayepokea video hiyo kwenye simu yake usiku na kuamua kama aiamini au aifute. Mtunzi wa uongo yupo katika kila nchi, lakini hapati wasikilizaji sawa katika kila nchi, na tofauti hiyo ndiyo tunayopaswa kuieleza.

Mapema mwaka 2022 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa nchi na maeneo 177 kuhusu sababu za tofauti za maambukizi na vifo vya UVIKO-19. Vipimo vya maandalizi ambavyo nchi zilijivunia kabla ya janga havikuonyesha uhusiano wa maana na matokeo hayo. Kiwango cha watu kuiamini serikali, na hasa kiwango cha watu kuaminiana wao kwa wao, kilihusiana na maambukizi machache zaidi, na katika nchi zenye chanjo za kutosha kilihusiana pia na watu wengi zaidi kuchanjwa. Uhusiano wa aina hiyo pekee hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Hata hivyo, ukiuweka pamoja na yale tuliyoyaona kwa macho, unatosha kumfanya waziri yeyote wa afya aihesabu imani ya watu kama anavyohesabu vitanda na mitungi ya oksijeni.

Na imani hiyo hutumika ikapungua, hata inapotumiwa vizuri. New Zealand ilifunga nchi nzima tarehe 17 Agosti 2021 kwa sababu ya mgonjwa mmoja tu, huku Delta ikihofiwa, na watu wakatii kwa sababu miezi mingi kabla yake walikuwa wameona masharti makali yakifunguliwa kama walivyoahidiwa. Ilipofika Februari 2022, katika siku za Omicron na amri za chanjo kwa baadhi ya kazi, uwanja wa bunge lao ulikuwa umejaa mahema ya waandamanaji waliokaa zaidi ya wiki tatu. Serikali ilikuwa ileile.

Mchangiaji wa nne:

Mleta mada, umechambua vizuri yaliyopita. Naomba uwe wazi zaidi kuhusu yajayo. Aina nyingine ikitangazwa wiki ijayo, serikali zifanye nini siku ya kwanza ambacho hazijakifanya? Na sisi wananchi tudai nini?

Mleta mada:

Swali zuri, ndugu. Ningetaka tangazo la siku ya kwanza litenganishe mambo ambayo kwa kawaida huchanganywa. Kuambukiza haraka ni jambo moja, kuua ni lingine, na kukwepa kinga ya chanjo ni lingine kabisa. Maabara inaweza kuona mabadiliko ya kirusi ndani ya siku chache, lakini kujua kama wagonjwa wengi zaidi wanalazwa huchukua wiki kadhaa, kwa kuwa mtu huambukizwa kwanza, huugua baadaye, na hulazwa baadaye zaidi. Serikali ikiwaeleza watu ratiba hiyo mapema, ukimya wa wiki mbili hautaonekana kuwa njama.

Pili, kila sharti litangazwe pamoja na tarehe ya kuangaliwa upya na kigezo cha kuliondoa, na vyote viwili viandikwe katika tangazo lilelile la kisheria linaloanzisha sharti hilo. Sharti la kujitenga liambatane na jibu la swali ambalo kibarua wa kutwa huuliza kabla ya mengine yote, yaani nani atamlipa kwa siku ambazo hatafanya kazi. Wengi tunaowaita wakaidi wanahesabu mlo wa jioni, na kumhubiria mtu huyo kuhusu uzalendo ni kumdharau.

Tatu, nchi inayogundua ilindwe. Agosti 2024, WHO ilipotangaza dharura ya kimataifa kwa sababu ya ugonjwa wa mpox na aina mpya yake iliyokuwa ikisambaa kutoka mashariki mwa Kongo, mkuu wa Africa CDC, taasisi ya Umoja wa Afrika ya kudhibiti magonjwa, aliziomba nchi zisifunge mipaka dhidi ya Waafrika bali zisaidie kufikisha chanjo na vipimo. Ombi hilo lisingehitajika kutolewa kama mwaka 2021 ungekuwa umeacha kumbukumbu tofauti.

Kwa upande wetu wananchi, tuanze kwa kumwandikia mbunge na kuuliza jambo moja: kama sheria ya dharura za kiafya inayotumika leo inailazimisha serikali kuweka hadharani ushauri wa wataalamu iliyoupokea, au inaiachia hiari. Kama ni hiari, hapo ndipo pa kuanzia kabla aina nyingine haijaja, kwa sababu ikishafika hakuna bunge litakalokuwa na muda wa kuijadili.